Bega la Mlima

Wanaume wengine wakistaafu hufuga kuku. Wengine hukaa mlangoni kutwa nzima wakiisahihisha dunia. Fundi Meno yeye alianza kukwaruza mabamba ya shaba, na mkewe, mwalimu wa chekechea mwenye subira ya kazi hiyo, akasema afadhali hivyo kuliko kuku, maana shaba angalau haichafui ua.

Maisha yake yote ya kazi alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno. Nta aliijua, sindano aliijua, tindikali aliitambua kwa harufu kabla chupa haijafunguliwa. Kwa hiyo siku alipookota, kwenye rundo la vitabu chakavu, kitabu cha uchapaji wa picha kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, alijiona kama aliyekutana na ndugu aliyepotea. Unapaka bamba nta. Unachora kwa sindano hadi shaba ionekane. Unalizamisha kwenye tindikali, nayo inakula pale tu ulipochora. Unajaza wino kwenye mikwaruzo, unafuta unaobaki juu, unalaza karatasi iliyoloweshwa na kukandamiza. Mashine yake ya kukandamizia ilikuwa ile ya kukamulia mashuka, yenye magogo mawili ya chuma na mkono wa kuzungusha, ambayo dobi mmoja aliichoka. Stoo ya nyuma ya jiko ikawa karakana. Hakuna aliyemfundisha, na hilo alimwambia kila mgeni kabla mgeni hajapata hata kiti.

Alichora milima na tambarare tu. Nyasi ndizo zilikuwa raha yake, unyasi mmoja mmoja, mpaka mkewe aliposema kwamba angeweza kuzihesabu kama mtu angempa likizo. Ilikuwa milima ya kubuni, aliyoipanga apendavyo. Mara ya kwanza aliandika jina lake kwenye pembe ya bamba, na karatasi ilipotoka jina likawa linasomeka kinyumenyume. Akasonya, akacheka, na tangu siku hiyo akawa anatia sahihi kwa penseli chini ya picha iliyokwisha kukauka. Akaona tatizo limekwisha.

Mtu ambaye Fundi Meno alitaka sana amsifu hakuwa mkewe. Alikuwa mama mkwe wake.

Mama, kama walivyomwita wote, aliishi peke yake kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, mtaa wa pili. Alizaliwa mbali, chini ya mlima, akaolewa na kuja mjini akiwa msichana, wala hakurudi tena. Watoto wake hawakuwahi kuuona mlima huo hata siku moja. Waliujua kwa mdomo wake tu: jinsi ulivyokuwa unasimama mbele ya mlango wa baba yake, jinsi nyasi za tambarare zilivyokuwa zinafika hadi kizingitini. Alipousimulia alikuwa anapunguza sauti, kama mtu anayemsema jirani aliye karibu.

Lakini mwaka huo Mama alikuwa ameunguza sufuria, tena zaidi ya mara moja. Alikuwa amemwita mwanawe kwa jina la marehemu mjomba. Mwanawe huyo, msimamizi wa ghala, alikuwa mtu wa kupanga vitu kwenye rafu, na watu pia alipenda kuwapanga. Akaanza kusema kwamba Mama hafai tena kukaa peke yake, nyumba ipangishwe, na Mama ahamie kwa binti yake, mkewe Fundi Meno.

"Mama ana akili kukuzidi wewe," mwalimu alimjibu kaka yake. "Kuunguza sufuria hata mimi naunguza."

"Sawa. Tumpe muda. Lakini tukiona dalili nyingine, dada, usinibishie."

Wakakubaliana hivyo, na Mama alijua wamekubaliana, maana uzee ulikuwa haujagusa masikio yake. Tangu hapo akawa anapika akiwa amesimama palepale jikoni, mikono kifuani, akilinda sufuria.

Fundi Meno hakuwa na maneno ya kumtetea, kwa hiyo aliamua kumtetea kwa shaba. Alipanda basi hadi kule kwao Mama, akaulizia, jirani mmoja akamwonyesha nyumba ya baba yake Mama, iliyobaki kizingiti na nusu ya ukuta. Akakaa kwenye kizingiti hicho, bamba lililopakwa nta likiwa mapajani, akauchora mlima kama alivyouona, mstari kwa mstari, taulo kichwani kwa ajili ya jua. Akarudi mjini amebabuka pua na mwenye furaha. Picha ilipotoka kwenye mashine ilikuwa nzuri kweli, na mimi sipendi kusifu. Mlima ulikuwa na uzito. Nyasi zilikuwa na upepo.

Msimamizi wa maktaba alimpa kuta za ukumbi kwa wiki moja. Siku ya kufungua walikuja majirani, walimu wa chekechea na daktari wa meno aliyekuwa bosi wake. Daktari alimshika bega mbele za watu akasema, "Kumbe miaka yote nilikuwa nimemfungia msanii chumba cha nyuma!" Fundi Meno akavimba kichwa. Ilikuwa haki yake. Mtu aliyekaa maisha yake yote akitengeneza vitu ambavyo sifa yake ni kutoonekana ana haki ya kuvimba kichwa jioni moja.

Mama aliingia amevaa vizuri, mkoba wake kwapani, na wakampisha hadi mbele ya picha kubwa. Watu wakasogea, maana walishaambiwa mlima huo ni wa kwao. Mama akaitazama.

"Pazuri," akasema. "Ni wapi?"

Watu wakacheka kwa upendo. "Ni kwenu, Mama!" alisema mwalimu. "Ni mlima wenu! Mkweo alisafiri kwa ajili yako!"

Mama akasogea, akainama, akanyooka. "Hapana. Mlima wetu bega lake lililokatika liko huku." Akainua mkono wa kulia. "Ukisimama mlangoni kwa baba, bega kulia, mto unashukia kushoto. Huu si wetu. Labda walikuonyesha nyumba nyingine, mkwe wangu. Ila ni mzuri, mzuri sana."

Alisema kwa upole. Hakukuwa na ubaya hata chembe katika sauti yake. Lakini Fundi Meno aliona daktari anamtazama, aliona walimu wamejikausha, na uso ukamwaka. Kwenye picha bega lilikuwa kushoto, tena wazi. Wiki nzima alikuwa ameitazama picha hiyo mpaka ikamwingia. Alichokiona pale kizingitini kilikuwa kimeshafunikwa nayo.

"Mama," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "mimi nimetoka huko juzijuzi tu. Nimekaa kwenye kizingiti chenyewe cha baba yako. Labda wewe umesahau."

Neno hilo familia nzima ilikuwa inalizunguka kwa miezi. Lilitoka kinywani mwake yeye, mkwe, mbele ya watu, kwa sababu alitaka kusifiwa. Mwanawe Mama akamgeukia dada yake, na dada yake akaangalia chini. Mkono wa Mama ulikuwa bado uko juu. Akaushusha polepole, akaukunja juu ya mkoba.

"Labda," akasema.

Asubuhi iliyofuata Fundi Meno alikuwa karakana. Daktari alikuwa ameomba nakala. Alitoa bamba, akalifuta vumbi, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha ili aone kama mikwaruzo bado ina kina. Mlima ukamtazama kutoka kwenye shaba, bega lake likiwa kulia.

Akafanya jambo la kipuuzi, akainua mkono wa kulia kama alivyofanya Mama. Bega lilikuwa upande huo. Mto ulishukia kushoto. Alichukua karatasi iliyochapwa akailaza kando ya bamba, na hapo ndipo alipolikumbuka jina lake mwenyewe lililosomeka kinyumenyume. Miaka yote alikuwa akigeuza kila alichochora, kulia kuwa kushoto, na haikumjia akilini kwa sababu milima yake haikuwa na mwenyewe wa kuja kuidai. Kurasa za mwanzo za kile kitabu bila shaka zilisema jambo hili, lakini hata mtoto wa chekechea aliyekwisha kugonga muhuri wa kuchongwa kwenye kiazi anajua.

Aliona haya ya namna ambayo mtu huiona akiwa peke yake, isiyo na pa kutazama.

Akatoka mbio kwenda kusema. Na haki yake nimpe, alifika hadi mlango wa sebule akiwa na maneno mdomoni. Mkewe alikuwa kwenye simu na kaka yake, analia. "Ndiyo, kaka. Ndiyo, nimekubali. Kama hata mlima wao..." Akakata simu, akamwona mumewe, akaja akamkumbatia.

"Wewe ndiye pekee uliyekuwa na moyo wa kumwambia ukweli," akasema, kichwa kifuani kwake. "Sisi wanawe tulikuwa tunaficha. Asante."

Wangapi kati yetu tungesema kitu, tumeshikwa hivyo? Najua, wengi tungesema. Yeye alimeza maneno yake, akampigapiga mgongo, akasema, "Basi, basi, mke wangu." Alijiambia atasema jioni. Jioni mkewe aliumwa kichwa. Kesho yake msimamizi wa maktaba alikuja kusema picha ile inapendwa kuliko zote. Kusema kukazidi kuwa kugumu, maana sasa hakutakiwa kukiri kosa tu, alitakiwa kukiri kwamba alilijua.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Mama. Mwanawe alizungumza kwa utaratibu, kidole kwa kidole: sufuria, majina, usalama. Fundi Meno alikaa pembeni akiviangalia viatu vyake. Alikuwa amejipa moyo kwamba Mama atabisha, maana Mama alikuwa mbishi, na akibisha yeye atapata upenyo wa kumuunga mkono. Mama hakubisha.

"Kama nimesahau hata mlima," alisema, "si ajabu nikasahau na moto nikawachomea majirani." Akafungua mkoba, akatoa funguo za nyumba, akaziweka mezani. Kisha akamtazama mkwewe. "Ulinistiri, baba. Ningeendelea kusimulia uongo kwa watu."

Ardhi haikupasuka ikammeza, ingawa aliiomba.

Nyumba ikapangishwa kwa fundi cherehani na familia yake, na Mama akahamia kwa mwalimu na Fundi Meno, kwenye chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Maonyesho yalipokwisha mwalimu aliitundika ile picha sebuleni, mkabala na kiti cha Mama. Daktari wa hospitali alikuwa amesema wazee wasaidiwe kwa vitu wanavyovijua, waulizwe, wakumbushwe, akili ipate mazoezi. Na kama kuna kitu mwalimu yule alikijua duniani, ni mazoezi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimkalisha Mama mbele ya picha.

"Haya Mama, bega liko wapi?"

"Kulia."

"Tazama vizuri, Mama yangu."

"Ku... kushoto."

"Na mto?"

"Kulia."

"Hapo sasa! Makofi kwa Mama!" Na anapiga makofi yale ya chekechea, matatu ya pamoja na moja la kumalizia, na Mama anacheka kidogo, kwa aibu. Ulikuwa upendo mtupu. Ndiyo maana kuusikia kuliuma zaidi. Ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba, na Fundi Meno alikaa nyuma yake na sindano mkononi bila kukwaruza kitu.

Mwanzoni Mama alikosea kila siku. Alikuwa anaanza na kulia, moja kwa moja, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu jina lake. Kisha akawa anasita. Kisha akaacha kukosea.

Siku moja, mkewe akiwa kazini, Fundi Meno alipiga moyo konde. Alimletea Mama chai, akakaa karibu naye, akaanza, "Mama, kuhusu ule mlima..."

"Bega kushoto, mto kulia," alisema Mama haraka, akiweka kikombe chini. Alimtazama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Si nimepatia?"

"Umepatia, Mama," akasema, akarudi karakana, akafunga mlango.

Aliwaza njia ya mkato. Angechora bamba jipya, lililogeuzwa, ili picha itoke sawa, kisha aibadilishe ile ya ukutani kimyakimya. Alianza hata kupaka nta. Halafu akaona kitakachotokea: asubuhi Mama angesema kushoto, mwalimu angetazama ukuta, na Mama angekuwa amekosea tena. Akaifuta nta kwa kitambaa. Mwoga hukosa hata njia ya woga, na tayari alikuwa hawezi kujitazama akinyoa.

Jumapili moja shemeji yake alikuja kula chakula cha mchana. Walipomaliza kula mwalimu akasema, kwa fahari, "Kaka, hebu mwone Mama alivyoendelea. Mama, mwonyeshe."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Hakutazama picha hata kidogo. "Bega lililokatika liko kushoto. Mto unashukia kulia. Nyasi zinafika mlangoni."

"Safi kabisa!" shemeji akaangua kicheko cha furaha. Akachukua biskuti kwenye sahani, akamnyooshea mama yake. "Haya, zawadi ya mshindi!"

Mama akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu," akasema.

Fundi Meno akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiinua. Alikwenda karakana akarudi na bamba la shaba, akaliweka katikati ya vyombo, juu ya makombo.

"Mama alikuwa sahihi," akasema. "Tangu siku ile ya maktaba. Ukichapa, picha inageuka. Mlima niliouona ni huu wa kwenye shaba. Bega liko kulia. Mama hakusahau kitu. Mimi ndiye niliyekosea, nikamwambia mbele za watu kwamba amesahau."

Mkewe aliinama juu ya bamba. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alitazama shaba, akatazama ukuta, akatazama shaba tena. Alipoinua uso ulikuwa umemshuka.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema leo asubuhi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Kesho yake," akasema. "Ulikuwa kwenye simu. Nilikuja kukwambia, ukanishukuru."

"Kesho yake." Mwalimu alilirudia taratibu. "Kwa hiyo ulikuwepo alipotoa funguo. Na kila asubuhi mimi nikimpigia makofi, wewe uko nyuma ya ukuta unanisikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Shemeji," alisema kaka yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mpangilio wa maneno, "shemeji, wewe ni mtu wa namna gani?"

Hilo ndilo swali Fundi Meno alilokuwa akijiuliza muda wote. Aliona aibu, na aliona pia, lazima niseme, nafuu. Ubaya wote sasa ulikuwa mezani, wake mwenyewe, na bado alidhani kitu kimoja kinaweza kuokolewa. Alikwenda chumbani, akaleta kioo kikubwa cha mlango wa kabati, alichokuwa amekifungua bawaba. Akamgeuza Mama na kiti chake, mgongo kwenye ukuta, akakisimamisha kioo mbele yake, akikiinamisha mpaka picha ikaingia ndani yake.

"Tazama, Mama. Ndiyo huu. Ndivyo ulivyokuwa."

Ndani ya kioo mlima ulikuwa umesimama sawasawa, bega kulia, mto ukishukia kushoto. Mkewe na shemeji walikuwa wamesimama kando ya kile kiti, wakisubiri uso wa Mama ufunguke.

Mama alitazama kioo. Akageuza shingo akatazama ukuta. Akarudi kwenye kioo. Biskuti ilikuwa bado iko mkononi, haijaumwa. Kisha akamtafuta binti yake usoni, kwa makini, kama anavyofanya mtoto anayetaka kujua mwalimu anategemea nini.

"Leo jibu ni lipi?" akauliza.

"Hakuna jibu, Mama," mwalimu alisema. Akapiga magoti karibu na kiti. "Sikuulizi. Sema tu ulivyouona wewe. Ukiwa mlangoni kwa babu. Ulikuwaje?"

Mama akafumba macho. Midomo yake ikawa inasogea, mkono wa kulia ukiinuka kidogo kutoka kwenye paja, ukisimama, ukirudi chini. Mkono wa kushoto ukainuka badala yake. Akafumbua macho, akamgeukia mkwewe, aliyekuwa bado ameshikilia kioo, na alimwambia bila hasira, kama mtu anayeomba radhi:

"Nausaka, baba, siupati. Siku hizi nikifumba macho naona ule wa kwako tu."